Saa Saba za Bendi

Afeku alisema ni filamu ya saa saba,
tukadhani anatia chumvi
ili atutoze elfu moja badala ya mia tano.
Hapa Oli filamu ni saa moja na nusu:
mtu anauawa, nduguye analipiza,
tunakwenda kula.

Lakini mvua ilikuwa imekaa juu ya Arua tangu Ijumaa,
dishi limelewa maji, mpira hauonekani,
na diski ile aliiacha mgeni wa shirika la wakimbizi
kulipia deni la soda.
Basi watu wakaketi.
Mimi mlangoni, na kopo la pesa mapajani.

Saa ya kwanza: Wazungu watano, chumba kikubwa, nyaya sakafuni,
wanatafuta mdundo.
Saa ya pili: bado wanautafuta.
"Kwani waliudondosha wapi?" akauliza Candiru wa chapati,
banda zima likacheka hadi jenereta likakohoa.

Adiga, mfasiri wetu, ana koo la chuma;
bastola ikilia, yeye huwa ameshalia kabla yake.
Siku hiyo kipaza sauti kilimwelemea.
"Anasema turudie."
"Sasa yule anasema, turudie."
Mwishowe akaanza kubuni:
huyu ana deni la ng'ombe, yule kamtorosha dada wa mwenzake.
Tukamzomea.
Tulikuwa tumeshaanza kuwajua.

Tulishawapa na majina.
Masharubu, anayetaka hata ukimya uwe wake.
Mrefu, anayechelewa na kuingia akitafuna mkate.
Kofia, mpiga ngoma, alalaye ameketi,
na akiguswa bega hakosei pigo.
Dereva, kwa ile koti, kama wa malori ya Juba.
Na Kimya.

Vijana wa bodaboda wakatoka saa ya tatu,
wakinidai pesa yao.
"Hata ngumi moja hakuna!"
Mzee Khemis, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya jeshi
enzi asizozisimulia,
akasema bila kugeuza shingo:
"Ngumi zipo. Tazameni
Masharubu anavyomfundisha Kimya
kushika gita lake mwenyewe."

Tukatazama.
Wallahi, ilikuwa ngumi.
Ikapigwa tena, na tena, kwa tabasamu,
na chai ikaletwa kwenye sinia.

Saa ya tano Kimya akainuka.
Akalilaza gita sandukuni kama mtoto mwenye homa,
akabana vibano, kimoja, kingine,
akasema neno dogo.
Adiga hakutafsiri.
"Kasema nini?"
"Kasema anaondoka."
"Basi?"
"Basi."
"Huyo harudi," alisema Candiru.
"Wa kurudi huvunja vyombo kwanza."
Akatoka kwenda kugeuza chapati zilizokwisha kuungua.

Mzee Khemis alivua kofia, akaiangalia ndani.
"Sisi tulikuwa kumi na wanane," akasema,
na hatukujua anamwambia nani.

Saa ya sita, mafuta yakaisha.
Giza, mvua, na harufu ya watu.
Hakuna aliyenyanyuka.
Kisha mlango ukasukumwa: Onzima,
yuleyule wa "hata ngumi moja,"
ameisogeza pikipiki yake hadi kizingitini.
"Vuteni lita," akasema. "Nataka kujua tu kama alirudi."

Mpira wa kuvutia nilikuwa nao mimi.
Nikavuta, petroli ikanijaa kinywa,
nikatema, nikavuta tena, nikajaza,
nikabaki nje nikisukutua kwa maji ya paa
huku ndani mwanga unarudi,
na watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja,
sauti ambayo sijaisikia hata siku ya fainali.

Nilipoingia, majina yalikuwa yanapanda kiooni.

Onzima anasema alirudi, akasimama mlangoni kama mimi.
Adiga anasema alipiga simu tu.
Candiru anasema mlichokiona ni picha ya zamani.
Mzee Khemis nilimuuliza mara moja.
"Ule mdundo," akasema, "waliupata."
Akalipa elfu moja nyingine, ambayo hakudaiwa.

Diski imekwaruzika, haisomi tena.
Nami kila nikisikia gita redioni
nasikia petroli ulimini.